Joto la Mzee Makaa

Mke wa Mzee Makaa alimaliza kufagia uwanja, akajaza maji kwenye birika, akaliweka juu ya tumbo la mumewe, kisha akaenda kusuuza vikombe. Mzee alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya saruji, maana godoro la mwisho alilolilalia lilikuwa limeungua katikati. Alishika mpini birika lisipinduke, huku akisikiliza redio ya betri. Taarifa ya habari ilipoisha, maji yalikuwa yanatokota.

"Tayari," aliita.

"Usitikisike, nakuja."

Mzee alikuwa amefanya kazi kwenye tanuri la kiwanda cha chuma tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Alisimama mbele ya mlango wa tanuri akiwa na fimbo ndefu, akiengua takataka zilizoelea juu ya chuma kilichoyeyuka. Joto lilimwingia kidogo kidogo. Mwanzoni lilikuwa jambo jema. Msimu wa baridi ulipofika, mkewe alijikunja kando yake na blanketi likabaki kabatini. Watoto walipoanza shule, ikabidi shuka iliyoloweshwa ilazwe kati yake na mkewe. Walipomaliza shule, yeye na mkewe walikuwa wanalala vyumba viwili. Siku aliyostaafu, kiwanda kilimpa saa ya ukutani na makofi mengi. Joto hakuna aliyelitaja. Nyumbani walidhani akipumzika litapoa lenyewe, lakini halikupoa.

Mtaa ulishamzoea. Haukuwa na umeme, ingawa nyaya nene zilipita juu ya mapaa yake kwenda kiwandani. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alikuja na nguo za wateja akazinyoosha mgongoni mwa mzee.

"Geuka kidogo, mzee wangu. Hii suruali ni ya bwana harusi, ukiniunguzia nimekwisha."

Mzee aligeuka. Alipenda kuwa na kazi. "Angalau kuna kitu nilitoka nacho kule," alizoea kusema.

Kisha binti yao akajifungua, akaja kukaa kwa wazazi wake mpaka apate nguvu. Siku ya kuwasili kwake mzee alijimwagia ndoo nzima ya maji baridi. Mvuke ulijaa ukumbini hata ikabidi wafungue madirisha. Ulipotoweka, alipiga hatua kumwendea mjukuu wake, na mashavu ya mtoto yakaanza kuiva kwa wekundu kabla hajamfikia.

"Baba, hapo hapo panatosha," binti yake alisema taratibu. "Mwangalie ukiwa hapo."

Alimwangalia akiwa hapo. Halafu akatoka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, penye ukuta uliokwisha kubabuka rangi kwa sababu yake. Mkewe alimfuata na kusimama mbali kidogo, kama kawaida.

"Ananuka vipi?" mzee aliuliza.

"Maziwa. Na sabuni kidogo."

Mzee alitikisa kichwa. Machozi yake yalikauka kabla ya kufika shavuni.

Wiki hiyo hiyo injinia wa kiwanda alikuja. Alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vizito na kifaa cha kupimia joto, ambacho kilikuwa kikilia tangu alipoingia mtaani, na mlangoni pa Mzee Makaa kikalia kama jogoo.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kwa ajili ya joto la kampuni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lakini si karibu sana."

Injinia alikaa kwenye kiti cha mbali zaidi, akaeleza. Kiwanda kilikuwa kimechoka kuona joto la tanuri likipaa bure kupitia dohani. Sasa walikuwa wamejenga mtambo wa kulinasa. Joto lile lingechemsha maji, mvuke ungezungusha mashine, na mashine ingetoa umeme wa kuwashia kiwanda chenyewe. Yeye alipewa kazi ya kutafuta joto lote lilikokwenda. Alilikuta kwenye chuma, kwenye moshi, kwenye kuta za tanuri, na bado hesabu haikutimia. Akalifuata kwa kifaa chake, likampitisha getini hadi kwa wastaafu.

"Kwa mahesabu ya ofisi, lilitoka nanyi kwa bahati mbaya," alisema. "Tunaomba mlirudishe."

"Na mapafu yake?" mke wa mzee aliuliza. "Anakohoa vumbi lenu mpaka leo. Nalo mmelifuata?"

"Hapana, mama. Mapafu hayamo kwenye mradi."

Fundi cherehani alikuwa mlangoni na shati mkononi. "Mzee, usikubali," alisema. "Huo mtambo si wauweke hapa mtaani? Joto lako wewe na wenzako lingetuwashia taa nyumba zote."

Mzee alimgeukia injinia. Injinia alitazama mapaa kupitia dirishani, akashusha pumzi.

"Niliwauliza hilo. Wakasema mtaa haumo kwenye mchoro."

Injinia akaaga, akaondoka. Mzee aliogopa, ingawa hakujua namna ya kulisema jambo hilo. Mwili wake ulikuwa joto tu, na hakujua nini kingebaki chini yake.

"Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho, mama," alimwambia mkewe.

"Kwani mimi sikuwepo hapa nakungoja?" mkewe alimjibu. "Mimi sihesabiki? Tangu watoto wamalize shule naongea nawe kupitia ukutani. Wape joto lao. Unirudie."

Asubuhi mzee alikwenda kiwandani. Walimpeleka kwenye chumba kirefu chenye mabenchi, na nyuma ya mabenchi mabomba ya maji yaliyojipinda kama utumbo. Wazee wenzake wa tanuri walikuwa wamekwisha kuvua mashati na kuegemeza migongo yao.

"Wewe bado upo?" mmoja alimpokea. "Nilidhani umeshakuwa jivu."

"Jivu ni wewe. Sogea, unanizibia bomba."

Maji yakaanza kuchemka. Mvuke ukavuma, mashine ya chumba cha pili ikaanza kuzunguka, na taa za ofisi ya meneja zikawaka mchana kweupe. Mzee alisikia joto likimtoka masikioni kwanza, kisha kifuani, na mikono ikawa ya mwisho kuachia. Alitokwa na jasho, jasho la kawaida linalotiririka, akalionja kwa ulimi akatabasamu. Wengine walisinzia. Injinia alipita benchi kwa benchi, akiwawekea kiganja kwenye paji la uso kama mama anayepima homa.

"Umepoa, mzee," alimwambia. Alipoona anatetemeka, alivua sweta lake akampa.

Mzee alirudi nyumbani akitembea upande wa barabara wenye jua. Binti yake alimpapasa mkono, akaupapasa tena, kisha akamwekea mtoto kifuani. Mtoto alikunja uso, akashika kidole cha babu yake, akaendelea kulala. Mzee aliinamisha pua kichwani mwa mtoto akakaa hivyo muda mrefu. Mkewe aligeukia dirisha akajifanya anakunja nguo.

Fundi cherehani alirudia pasi yake ya mkaa na kununa, lakini jioni alileta blanketi. Walilipokea kwa mwanga wa taa ya mafuta. Juu ya paa, nyaya ziliendelea kupita kwenda kiwandani.

Baadaye kidogo mkwe wao aliingia. Alikuwa ametoka zamu, na yeye pia alikuwa wa tanuri, mwaka wake wa kwanza. Alikuwa ameoga, na nywele zake zilifuka mvuke mwembamba. Binti alihamia na mtoto upande wa pili wa chumba bila kuambiwa. Mkwe alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Injinia amenipima leo getini," alisema. "Anasema naendelea vizuri. Nikistaafu kuna benchi langu."

Wakamkaribisha chai.

Mchana wa siku iliyofuata, binti alipokwenda kumwogesha mtoto, mke wa mzee alifunga mlango wa chumba chake akajilaza kitandani, akasogea ukutani kuacha nafasi. Mzee alisita mlangoni kama mgeni. Kisha akapanda, akajifunika blanketi.

"Yesuuu! Toa miguu yako huko!" mkewe alipiga kelele. "Ya baridi kama ya chura!"

Mzee hakuitoa. Aliisogeza zaidi, mkewe akampiga kofi la begani, akacheka mpaka akakosa pumzi, halafu akaibana ile miguu katikati ya yake ili ipate moto.