Moto Mmoja, Nyumba Moja

Mimi Madina simpendi Rachida, na hilo kila mtu wa mtaa wetu analijua. Tangu mume wangu Idrissa amuoe, miaka saba sasa, namwita mbanda, yaani mke mwenza kwa maneno ya mji huu, na yeye ananiita hivyo hivyo. Tunasalimiana Idi kwa Idi. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mto ulipofurika mwaka huu uliingia kwangu na kwake bila kubagua. Unga, magodoro, nguo za watoto, vyote vilikwenda na maji. Ukaja mradi wa msaada: kila kaya ipewe mchele, maharage na mafuta ya miezi mitatu. Tukaitwa uwanjani kwenye komini, ofisi ya serikali ya eneo letu, tuandikishwe.

Mwandikishaji aliitwa Hilaire, kijana mpole aliyetumwa kutoka Kinshasa, tableti mapajani. Alimwandika Idrissa kuwa mkubwa wa kaya, akaniandika mimi kuwa mke. Rachida aliposogea na mtoto mgongoni, Hilaire akasita.

“Mama, machine iko na nafasi ya bibi moja tu.”

“Alors, mimi niko nani?” Rachida akauliza.

“Bon, tutie domestique. Mutumishi wa nyumba. Utakula pamoja nabo.”

Mchele wa kaya moja, kwa watoto wangu watano na wa Rachida wanne! Na sisi hatujawahi kula chungu kimoja. Katika familia zetu, tangu enzi za mababu, mwanamume akioa mke wa pili sharti ampe jiko lake. Nikitwanga ndizi za lituma, ni ndizi zangu. Akichoma samaki, ni makaa yake. Mume ndiye anayehama na njaa yake, leo huku, kesho kule. Hata mtoto mdogo analijua hilo, ila hakuna aliyeiambia ile machine.

Nilimgeukia Idrissa nikidhani atasema neno. Alikohoa tu. “Rachida, kubali. Ni karatasi.”

Rachida akainamisha kichwa. Ana mtoto anyonyaye, angekubali kuandikwa hata mbuzi. Hapo damu ikanichemka. Ndoa yake ilifungwa msikitini kama yangu, na mahari ilitolewa kama yangu. Leo afanywe mtumishi kwa sababu ni wa pili, kesho nani atazuia nisifanywe mimi kwa sababu nimezeeka?

“Toa jina yangu,” nikamwambia Hilaire. “Sitaweka alama ya kidole kwa machine yako.”

“Mama, bila kidole yako hakuna kitu kwa nyumba muzima. Na kesho ndiyo mwisho.”

“Nimesikia. Sitaweka.”

Idrissa aliniita mwendawazimu njia nzima. Nami niliogopa, sikatai. Watoto tisa wangeweza kulala njaa miezi mitatu kwa sababu ya ulimi wangu. Jioni ile nikavuka kizingiti cha Rachida kwa mara ya kwanza.

“Kesho beba mbabula yako,” nikamwambia, “na makala, na sufuria.”

“Tunaenda wapi?”

“Tunaenda kupika komini.”

Nikapita na kwa wanawake wengine ambao majiko yao nayo hayakuandikwa. Asubuhi tulikuwa wanawake kumi na saba, kila mmoja na mbabula yake, jiko la makaa. Alikuwepo hata Claudine, Mkristo kutoka Maniema, ambaye mumewe ana mke mmoja tu. Mama mkwe wake anapika peke yake nyuma ya nyumba, naye hakuhesabiwa. Tukapanga mstari, tukawasha. Polisi wa mlangoni akatukaripia. Claudine akamuuliza kama ameshakunywa chai. Moshi ukaingia ofisini mpaka wakubwa wakatoka wakikohoa.

Hilaire akaja akipangusa macho. “Mama Madina, hii ni nini?”

“Ni nyumba zetu. Hesabu. Moto moja, nyumba moja. Fungua kila sufuria, uangalie kama mutu anakula mu sufuria ya mwenzake.”

Akaanza kufunua vifuniko. Hapa pondu ya majani ya muhogo, pale ndizi. Kwa Rachida yalikuwa maji yanayochemka, hakuna kingine. Hilaire aliyatazama maji yale kwa muda, akarudisha kifuniko taratibu. Kisha akasogea kando kidogo, akampigia mkubwa wake simu.

“Chef, fomu yetu haijue hawa batu... Non, chef, niko naona na macho yangu... Basi njoo uwaambie weye mwenyewe.”

Aliporudi shati lilikuwa limelowa jasho. “Bamekubali. Karatasi ya jana nimefuta. Kila moto, kaya yake. Lakini kila kaya inataka mukubwa, na machine haikubali jina moja mara mbili.”

Wote wakamtazama Idrissa, aliyekuwa amesimama getini kama mtu asiyetujua.

“Kwangu, andika mimi,” Rachida akasema. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ile.

“Na kwangu, mimi,” nikasema, nikaweka kidole.

Idrissa akaja mbio. “Na mimi? Mimi mukubwa wa familia, munaniandika wapi?”

Hilaire hakuinua macho kwenye tableti. “Papa, moto yako iko wapi?”

Idrissa akamtazama Rachida, akanitazama mimi. Hakuna aliyemsogezea sufuria.