Shabiki wa Radi

Vénuste alizaliwa Goma, na tangu utotoni alikuwa shabiki wa Radi, timu ya soka ya huko. Hata familia yake iliporudi Rwanda na kukaa Gisenyi, kila Jumapili alivuka mpaka kwa miguu kwenda kuitazama, skafu ya njano shingoni.

Mwaka 1998, vita vilipoanza tena Kongo, mkewe Illuminée alimsihi asiende. Alienda. Akakaa palepale alipozoea, kando ya Jado, ambaye alishangilia naye tangu shuleni.

Jado hakumsalimu. Watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele: "Munyarwanda atoke!"

"Jado, waambie," alisema Vénuste. "We unanijua."

Jado aliendelea kutazama uwanja. "Rudi kwenu, Vénuste. Leo mi sikujui."

Wakamvua skafu, wakamsukuma hadi nje ya lango.

Nyumbani, Illuminée alimkuta amekaa uani, akisikiliza shangwe zilizovuka mpaka.

"Radi wamefunga, Baba Uwera?"

"Wamefunga."

Alijaribu kutofurahi, akashindwa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kusukumwa.