Maji ya Bibi Haru

Tumainieli aliteremka kutoka Vudee milimani hadi mji wa Same na sanduku la mbao na wosia wa mama yake: huko Japani nako kuna wazee, usituaibishe. Mama hakujua Japani iko upande gani, lakini wazee aliwajua. Serikali ilikuwa ikimpeleka mwanawe, bwana shamba wa kijiji cha ujamaa, akajifunze kilimo cha mpunga, akae nyumbani kwa mkulima aitwaye Mori, aliyejua Kiingereza kidogo.

Kuvua viatu mlangoni alizoea. Vijiti vya kulia alifundishwa na njaa. Kilichomtatiza ni Bibi Haru, mama yake Mori. Hakujua kumwamkia mkubwa kwa lugha yao, basi kila asubuhi aliinama akasema shikamoo. Bibi alimtazama tu, akaendelea kumenya figili.

Jioni moja Mori akamwonyesha pipa la kuogea, maji ya moto hadi shingoni, kuni zikiwaka nje chini yake. Mgeni huanza, akasema. Tumainieli akajisugua kwanza kando ya pipa kama alivyoelekezwa, akaingia, akasahau hata baridi ya nchi ile. Alipotoka akawaza: mtu aliyelelewa akaleleka hamwachii mkubwa maji aliyoogea. Akachomoa kizibo, akasugua pipa mpaka likang'aa, akaondoka kifua mbele.

Bibi Haru alikuwa mlangoni na taulo yake. Maji yale yalikuwa ya nyumba nzima kuoga kwa zamu, na magoti yake yaliyangoja tangu asubuhi. Akarudi chumbani akichechemea. Mori akasema kwa upole kwamba pengine mgeni atastarehe zaidi bwenini na wanafunzi wenzake.

Aibu ilimchoma Tumainieli hadi masikioni. Hakutaka kuhama nyumba ile. Lakini mkono mtupu haulambwi, na wa kuomba radhi ndio kabisa. Akachota maji kisimani, akapasua kuni kama yuko kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, akachochea. Maji yalipopata moto akamwomba Mori amwite mama yake, mwenyewe akabaki nje, amechuchumaa kwenye moshi.

Bibi aliingia majini. Kisha akauliza kitu kupitia ukutani, na Mori, aliyesimama kando ya moto, akafasiri: neno lako la asubuhi, mtu hulijibu vipi?

Tumainieli akamwambia. Akafuta macho, wala si kwa moshi peke yake, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," ikajibu sauti kutoka kwenye mvuke, ikaongeza jambo kwa Kijapani.

Mori akacheka. "Anasema ongeza kuni. Na kesho pia."