Mbegu Husubiri Mvua

Mzee Dakika hakuwa na jembe. Hakuwa na ndoo ya kumwagilia, hakuwa na kiti cha kukalia mlangoni, hakuwa na mtu wa kumpigia hodi asubuhi, na upande wa kushoto hakuwa na meno ya kutafunia. Kazi ya kutengeneza saa, iliyompa jina hilo, aliiacha katika mji alikotoka pamoja na meza na koleo zake. Lakini kilichompungukia zaidi ni kile ambacho mwenyewe hakujua kwamba anakikosa: moyo wa kuuliza.

Alihamia nchi ile ya udongo mweusi kwa ajili ya mke wake. Daktari alitaka mgonjwa awe karibu na hospitali, basi wakapanga chumba kimoja chenye dirisha linalotazama uani. Mkewe alikuja na kopo la mbegu za kunde alizopewa na dada yake, mbegu ambazo mama yao alikuwa akizipanda tangu wao wadogo.

"Baba watoto," alisema, "chakula chote kinanishinda. Lakini majani ya kunde hizi nitakula. Nipandie."

"Utakula mpaka uniombe nipumzike kuchuma."

Akaazima jembe kwa jirani, mwanamke muuza mkaa mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, akalima kipande cha uani. Siku tatu baadaye jirani alichungulia juu ya ukuta.

"Shikamoo babu. Mbona matuta yapo, mbegu hazipo?"

"Marahaba. Nasubiri mvua."

"Huku hatusubiri. Upepo ukishageuka ukatoka kilimani, tunapanda mavumbini. Mbegu ndiyo inayosubiri mvua. Ikishanyesha, udongo huu unakuwa uji; ukipanda, inaoza."

"Mwanangu, nimeanza kupanda kabla mama yako hajaota meno. Vumbini hakupandwi kitu, labda mkaa."

Jirani akaangua kicheko. "Haya babu. Yangu macho."

Mvua ikaja. Mzee aliiacha inyeshe mara tatu, kama ilivyoandikwa katika daftari lake la miaka thelathini, alimoandika misimu ya kupanda ya kwao, kisha akapanda. Mkewe alimsihi kutoka dirishani abakize konzi moja. Akabakiza, kumridhisha tu. Siku ya nane hakikuwa kimechomoza kitu. Akafukua kwa kidole: punje zilikuwa zimevimba, laini, zinanuka. Ng'ambo ya ukuta, kunde za muuza mkaa zilikwisha kufunika ardhi.

"Zimeota?" mkewe aliuliza kila asubuhi, na kila asubuhi sauti ilipungua.

"Zinakuja, mama watoto."

Hatimaye alikwenda kwa jirani, akasimama mlangoni amevua kofia.

"Mwanangu, nifundishe."

Siku hiyo jirani hakucheka. Aliinua matuta yawe marefu ili maji yakimbie, akachanganya mchanga, wakazika ile konzi pamoja. Kisha akachuma fungu katika shamba lake. "Mpikie hizi kwanza, babu. Wagonjwa hawana kesho nyingi."

Mzee akapika mwenyewe, akampelekea kitandani. "Za kwetu hizo," alisema.

Mkewe alionja kijiko kimoja, akatafuna muda mrefu. "Umepika vizuri, baba watoto. Lakini si za kwetu." Akarudisha kijiko, akamshika mkono. "Bado zinakuja, siyo?"

Alikufa Alhamisi. Miche ilikuwa na majani mawili mawili.

Baada ya mazishi kunde zilistawi ajabu. Mzee hakuchuma hata jani.

"Babu, zitakomaa, zitakuwa ngumu," jirani alimwambia.

"Ziache."

Ndipo ikafika barua ya shemeji yake, ambaye miguu haikumruhusu kuja kuzika. Aliuliza neno moja tu: je, mdogo wangu aliwahi kula kunde za mama yetu?

Mzee akachukua kalamu. *Alikula,* aliandika, *akashiba, akakusifu.* Akaitazama karatasi mpaka chai ikapoa. Mkewe, akiwa mahututi, hakudanganyika kwa kijiko kimoja. Dada mtu angedanganyika kwa mstari? Akaichana, akaanza upya.

*Shemeji, hakula. Huku hupandwa vumbini kabla ya mvua. Niliambiwa mapema na mtu anayejua, nikamdharau kwa sababu ni mdogo na anauza mkaa. Mdogo wako alisubiri wiki nyingi akiniamini. Ukinilaumu una haki, sitajitetea. Nisamehe ukiweza.*

Akaikunja mara mbili, akaipaka bahasha gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Posta palikuwa na foleni. Akasimama kama wengine. Karani aliigonga mhuri bila kumtazama, akaitupa katika mfuko wa barua zinazoondoka.