Stika ya Njano

Saa ya ukutani ilikuwa na stika nyekundu, kabati la mwaloni lilikuwa na ya bluu, na Bibi Léontine alikuwa bado anapumua.

Daktari wa hospitali ya Beaune alikuwa amempa wiki moja. Baba na Shangazi Mireille, ambao hawajawahi kupatana hata kuhusu chumvi ya supu, walipatana siku hiyo: nyekundu ya Baba, bluu ya Shangazi, na chenye rangi yako ni chako, tusije tukararuana mbele ya wakili wa mirathi. Mimi, Solène, mjukuu mwenye haya, nilichukua njano nikabandika moja tu, kwenye karai la shaba la kupikia jamu. Haya yangu ilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ni karai hilo.

Alhamisi gari la wagonjwa likamrudisha Bibi. Yu hai, tena ana njaa.

Tulikimbia kubandua stika kama wezi waliosikia mbwa. Hatukumaliza.

"Daktari kasema nisikae tena peke yangu," Bibi alisema, akijitupa kwenye kiti chake. "Nani ananichukua?"

Baba akakata mkate. Alikata mwingi kuliko tulivyohitaji.

"Chumba chetu cha wageni kina unyevu, Mama."

"Na mimi nina paka," akasema Shangazi.

"Paka wako alikufa Pasaka, Mireille," Baba akamkumbusha.

Bibi aliinuka kwenda kukoroga supu. Hapo tukaiona: stika ya bluu imeng'ang'ania sketi yake, pale pa kukalia. Baba akacheka puani. Bibi akajipapasa nyuma, akaigusa, akaiacha palepale. Akaitazama saa na wekundu wake.

"Nyekundu ya nani?"

"Yangu, Mama."

"Na hii niliyoikalia?"

"Ilikuwa ya kiti," Shangazi akanong'ona.

"Mmekubaliana vipi?"

Nikajibu mimi: "Chenye rangi yako ni chako, Bibi."

"Basi, Mireille, nimekuangukia wewe. Nitandikie kitanda."

Shangazi akamsogelea. Nilidhani anakwenda kumkumbatia. Akaibandua ile stika taratibu, kama mtu anayetoa uzi kwenye koti la mwenzake, akaitia mfukoni.

Supu ikafurika jikoni. Nikaenda kupunguza moto, na karai likawa linaning'inia mbele ya uso wangu. Chumba changu cha mjini Dijon ni kidogo, hata hewa huingia kwa zamu. Nikabandua ile ya njano, nikarudi, nikambandika Bibi begani.

Ikaanguka. Gundi ilikuwa imechoka, na sufu ya sweta yake haishiki. Nikaiokota, nikaibandika tena, safari hii nikaishikilia kwa kidole.

"Ghorofa ya ngapi?" Bibi akauliza bila kugeuka.

"Ya nne. Lifti hakuna."

"Na karai?"

"Litakaa chini ya kitanda."

"Basi usibonyeze hivyo. Mimi si shaba."

Nikalegeza mkono. Kidole sikukiondoa.