Hoja ya Chura

Sheria ya meza ilikuwa fupi: mchezaji ambaye mhusika wake yumo katika umbo la mnyama hasemi. Anaweza kutikisa kichwa, kuonyesha kwa kidole na kusogeza kete yake, lakini hasemi. Tarun aliitunga mwaka wa kwanza wa mchezo, baada ya Ogada kugeuzwa bata na kuendelea kuwapa wenzake mbinu za vita kwa nusu saa.

Kwa hiyo Jumapili hiyo ya Oktoba, mchawi wa Magenge Meupe alipomnyooshea Shali fimbo na kumgeuza chura, Awuor, aliyemchezesha Shali, alifunga mdomo.

Walikuwa wanne, katika stoo iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yake Tarun, hatua chache kutoka mtaa wa Bondeni. Ramani ilichorwa kwenye karatasi za mifuko ya simiti. Mwamuzi alikuwa Tarun: yeye ndiye aliyesimulia nchi, hali ya hewa na maadui. Wengine watatu kila mmoja alikuwa na mhusika wake wa kubuni, akaamua mhusika huyo afanye nini, na palipokuwa na shaka walirusha dadu mbili za ludo. Ritu, binamu yake Tarun, mwalimu wa hesabu, alimchezesha mganga. Ogada, wakala wa bima, alimchezesha askari aitwaye Jabali. Awuor, aliyepima maji katika maabara siku za kazi, alimchezesha Shali.

Shali alikuwa wa ukoo wa vigeugeu, watu wanaozaliwa na uwezo wa kuvaa umbo la mnyama na kulivua. Kete yake ilikuwa kizibo cha soda. Upande wa picha ukiwa juu, Shali ni mtu. Upande wa ndani ukiwa juu, ni mnyama. Awuor alikuwa amemchezesha kwa miaka miwili, na mara nyingi alikuwa chui.

Siku hiyo palikuwa na jambo kubwa kuliko chura. Mwisho wa mwezi Tarun angehamia Kampala kusimamia duka jipya la familia, na kiti cha mwamuzi kilihitaji mtu. Walikubaliana kwamba kitaenda kwa mchezaji ambaye mhusika wake atamaliza safari hii akiwa hai na mwenye daraja la juu kuliko wote. Ritu alijitoa mapema. "Mimi nafundisha siku tano," alisema. "Jumapili nataka tu kupiga mtu na rungu." Wakabaki Shali na Jabali, na walikuwa sawa kwa daraja. Awuor alikitaka kiti hicho na hakuficha. Alikuwa na nchi nzima kichwani, yenye mito inayotiririka kwa kufuata mteremko, na aliamini kwamba mikononi mwa Ogada mchezo ungekuwa vita juu ya vita.

Mchawi alimtumbukiza chura ndani ya chungu, akafunika. Uchawi wake ulijulikana: jua likizama, umbo alilompa mtu linakuwa lake milele. Jua lingezama baada ya mizunguko miwili ya zamu.

"Pole, Awuor," alisema Ogada, na sauti yake haikuwa na pole yoyote. "Shali ameenda na maji."

"Hajaenda," alisema Ritu. "Yuko kwa chungu."

"Chungu, sufuria, yote ni moja. Chura ni chura."

Zamu ikamfikia Awuor. Akakishika kizibo, akakigeuza upande wa picha.

Tarun alikitazama. "Unataka Shali arudi mtu?"

Awuor akatikisa kichwa kukubali.

"Ngoja, boss, ngoja," alisema Ogada. "Hiyo haiwezi. Chui alikuwa wake. Aliingia mwenyewe, anatoka mwenyewe. Huyu chura ni wa mchawi. Gari ikiwa yangu, ufunguo wangu unaiwasha. Gari ikiwa yako, ufunguo wangu utafanya nini? Utakwaruza tu mlango."

Ilikuwa hoja nzuri, na Awuor aliihesabu kuwa nzuri. Tarun naye aliipenda. Alianza kuzungusha kalamu, kama alivyofanya kila alipokaribia kuamua.

"Awuor, una la kujibu?"

Ritu akaangua kicheko. "Tarunbhai, kaka yangu, umemwuliza chura!"

Nje, lori la kampeni lilisimama chini ya dirisha na kipaza sauti kikaanza kumsifu mgombea. Hakuna aliyeweza kusikika. Tarun aliinuka kufunga dirisha, na Awuor akapata muda wa kupanga mambo.

La kwanza: uwezo wa Shali unakaa wapi? Kwa miaka miwili alikuwa ametoka katika umbo la chui, la bundi na la samaki kamongo. Kamongo hana mikono wala sauti, na bado Shali alitoka ndani yake. Basi uwezo haukai katika mwili wa kibinadamu, na mwili wa chura hauwezi kulaumiwa kwa kuukosa. La pili: je, uchawi wa mtu mwingine unaweza kuufuta uwezo huo? Ogada alisema unaweza. Lakini swali hilo lilikwisha kuamuliwa kwenye meza hii, na aliyelishinda alikuwa Ogada mwenyewe.

Awuor alivuta kopo la kete, akapekua, akatoa kifungo cheusi cha koti. Kifungo hicho kilikuwa kete ya mbuzi. Akakiweka kando ya kizibo. Akamwonyesha Ogada kwa kidole, kisha akajifanya anakula, akashika koo, akatoa ulimi, halafu akakaa wima na kutabasamu kama mtu mwenye afya.

"Anaugua?" Tarun aliuliza.

"Sumu!" alisema Ritu. "Mwezi wa tano! Jabali aligeuzwa mbuzi na huyu huyu mchawi, akala ile ugali yenye sumu ya panya, na hakufa."

Ogada aliinamia kikombe chake cha chai.

"Nakumbuka," alisema Tarun. "Uliporudi mtu ulibishana robo saa. Ulisema nini, Ogada?"

Ogada alikuwa mbishi, lakini hakuwahi kulikana neno lake. Kazi yake ilimfundisha kwamba kilichokubaliwa kimekubaliwa.

"Nilisema watu wa ukoo wa Jabali wanazaliwa na kinga ya sumu."

"Na?"

"Na cha kuzaliwa hakiondolewi na uchawi. Mchawi anabadilisha mwili, habadilishi asili."

"Nikasemaje?"

"Ukasema ndiyo."

"Na Shali, ukigeugeu wake aliutoa wapi?"

Ogada akavuta pumzi ndefu. "Kwa mamake," alisema. "Aki nyinyi watu."

Tarun akaweka kalamu chini. "Basi nimeamua. Shali anarudi mtu. Chungu ni cha udongo, kinapasuka. Na kwa kuwa uchawi huu hauna nguvu kwa kigeugeu, tuhesabu kwamba hakuwahi kuwa chura. Zamu bado ni yako, Awuor. Mpige mchawi."

Sasa Shali alikuwa mtu, na Awuor aliruhusiwa kusema.

"Hapana," alisema.

Wote watatu wakamtazama.

"Alikuwa chura. Uchawi ulimgeuza sawasawa. Jabali hakufa kwa sumu, lakini alikuwa mbuzi, tena na mkia. Asili haimkingi kigeugeu asigeuzwe. Inamrudisha tu zamu yake ikifika. Na kurudi kunakula zamu nzima, kama ninapotoka kwa chui. Zamu yangu imeisha."

"Awuor," alisema Ritu polepole, "unajua anayefuata ni nani?"

"Ogada."

"Na akimwua mchawi anapanda daraja."

"Najua."

Haukuwa ukarimu. Kama kigeugeu hawezi kuguswa na uchawi wowote wa kugeuza, basi kufikia mwezi wa pili kila mchezaji angetaka kuwa kigeugeu, na kila mchawi angekuwa bibi kizee mwenye fimbo ya kuchungia kuku. Uamuzi huo ungekaa mezani miaka na miaka, na Awuor alikusudia kuwapo miaka hiyo.

"Imepita," alisema Tarun. "Ogada, unahitaji tisa."

Ogada alipuliza dadu, akazisugua kwenye suruali, akarusha. Nne na tatu.

"Saba! Dadu gani hizi, zimetengenezwa na nani?"

"Zamu ya mchawi," alisema Tarun. "Kumgeuza Shali hakumfaidi tena, anajua atarudi. Jabali yuko hatua moja mbele yake." Akachukua kifungo cheusi na kukiweka mahali pa Jabali.

Ogada alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

"Mee," alisema Ritu kwa niaba yake.

Mganga wa Ritu alitumia zamu kumwondoa mbuzi kwenye ukingo wa genge, kazi ambayo mbuzi hakuisaidia. Kisha ikawa zamu ya Awuor. Chui alikuwa na nguvu zaidi, lakini kujigeuza kungekula zamu, na jua lilikuwa kwenye ukingo. Shali alibaki mtu, akachomoa kisu. Alihitaji nane. Alipata tano na nne.

Tarun alisimulia kifo cha mchawi kwa maneno machache na ya haki: alianguka kwenye vumbi jeupe, vumbi kama lile ambalo Tarun aliliona kwenye machimbo ya Kariandusi alipopelekwa na shule, na vumbi likamfunika. Akampandisha Shali daraja. Halafu akasimama, akakivuta kiti chake nyuma, akampisha Awuor.

"Safari imeisha. Mbuzi ni tatizo lako."

Awuor aliketi. Kiti kilikuwa cha kawaida, lakini kutoka hapo ramani ilionekana nzima, kusini hadi kaskazini. Mbele yake Ogada alikuwa akigonga kifungo cheusi kwa kidole, uso umemwiva kwa maneno aliyoyazuia.

"Swali," alisema Awuor. "Mchawi akifa, uchawi wake unakufa naye? Hatujawahi kuamua. Nani ana hoja?"

Ogada akainua mikono yote miwili.

"Mwenye hoja na mwenye sauti," alisema Awuor.

"Mimi naona uchawi umekufa," alisema Ritu. "Moto ukizima, chai haichemki."

"Lakini inabaki moto kwa muda," alisema Awuor. "Lile daraja la kamba aliloliloga mwaka jana alilisimamisha kwa fimbo na kwenda zake, na likasimama siku nzima. Uchawi wake hausubiri awepo. Unapungua, haujaisha. Mganga anaweza kuuvunja kabla ya jua kuzama, kwa wepesi kuliko kama mchawi angekuwa hai. Ritu, sita au zaidi."

"Kwa hivyo ni mimi naamua kama jioni tunakula nyama?"

Ogada alimgeukia Ritu, akaweka viganja pamoja kwa heshima kubwa.

Ritu akarusha. Tano na mbili.

"Amerudi mtu," alisema Awuor, na Ogada akaanza kupinga.