Bonge Hapandi Mizani

Wananiita Bonge na sikasiriki, maana bonge ni mimi kweli. Kinachonikera ni watu kudhani mwili mkubwa ni ghala lililojaa, eti hauwezi kukosa kitu.

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ana duka la nafaka. Mama anamfanyia kazi dukani na tunakaa vyumba vya nyuma, kwa hiyo neno la Shangazi halina rufaa. Nilipovunja ungo mapema kuliko wenzangu, nikazidi kunenepa, Shangazi akajipa ukocha. Kila Jumamosi asubuhi alinipandisha kwenye mizani ya magunia, mbele ya wateja, akasoma kilo zangu kwa sauti kana kwamba ananiuza. Zikipanda, ananipunguzia chakula: alianza na mayai, ikafuata nyama, mwishowe maharage. Nikabaki na uji mweupe na chai. Mama alikuwa akiinamisha macho tu, nami nilimkasirikia yeye kuliko Shangazi, sifichi.

Kilo zikashuka kidogo, na mimi nikashuka nazo. Ngazi za shule zilinimaliza pumzi, kichwa kikawa kinazunguka, na siku zangu zikija ndiyo basi tena. Halafu pakazuka kituko: nikawa natamani mchele mbichi. Nikipita dukani nachota kiganja, natafuna kra kra kra. Shangazi akanidaka mkono ukiwa ndani ya gunia. Loo, mtaa mzima ulisikia kwamba mlafi huyu hasubiri hata wali uive.

Akanipeleka kwa daktari ili nipewe dawa ya kuua hamu ya kula. Daktari, mwanamke wa maneno machache, alinifunua kope, akauliza habari za hedhi, akauliza ninakula nini, kisha akaagiza damu yangu ipimwe. Majibu yalipotoka alisema damu imepungua, madini ya chuma yamekaribia kwisha, na zinki nayo iko chini. Kutamani mchele mbichi kulikuwa dalili ya hilo, si ulafi. Shangazi akacheka, akauliza kilo zote hizi zinapungukiwaje. Daktari hakucheka. Alieleza kwamba unene ukizidi, mwili hupata taabu kufyonza chuma, na msichana anayebalehe anakihitaji zaidi kwa kuwa anakua na kila mwezi anapoteza damu. Soda na sukari nipunguze, na nitembee, sawa. Lakini nyama, mayai na maharage virudi, na vidonge vya chuma nimeze. Nyumba njema si mlango, nikasema moyoni.

Jumamosi Shangazi akaniita kwenye mizani kama kawaida. Duka lilikuwa limejaa. Alikuwa ameshawatangazia wateja kwamba madaktari wa siku hizi wanalea uvivu, na kwamba maharage yake hayaliwi na mtu asiyepimwa.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema. "Sipandi."

Akaniambia kama sipandi nikafungashe nguo, mimi na mama yangu. Hatukuwa na pa kwenda, naye alilijua hilo. Lakini sikusogea. Akamgeukia Mama, akamwamuru anipandishe yeye.

Mama akaweka chini kopo la kupimia. Akaja mpaka kwenye mizani, akaipangusa vumbi la unga kwa kiganja, taratibu, hana haraka.

"Wifi," akasema, "tangulia wewe."

Shangazi naye si mwembamba, na hakuna mteja asiyeliona hilo. Mzee mmoja akavuta gunia lake pembeni ili ampishe. Shangazi akaitazama mizani, akamtazama Mama. Tukangoja. Hakupanda, wala neno la kufungasha nguo hakulirudia.

Mimi nikaingia jikoni, nikapakua maharage sahani nzima, nikarudi kuyalia pale pale dukani.